Baba Mwenye Ramani ya Nyumba

Mwanafunzi yeyote wa Tanzania aliyewahi kuomba mkopo wa elimu ya juu ameshaandika kumbukumbu za utoto mgumu, hata kama mwenyewe hakuiona hivyo. Unajaza kazi ya baba, kazi ya mama, nani alikulipia sekondari. Kama mzazi hayupo duniani unatafuta cheti cha kifo na kukihakiki RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama kaya yenu imo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, unaeleza. Kisha unapeleka karatasi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri, na kwa wakili asaini. Mwaka niliomaliza kidato cha sita tulijazana kwenye steshenari moja ya Temeke tukisubiri zamu ya kompyuta, na maongezi yakageuka mashindano ya nani ana hali mbaya zaidi. Jamaa mmoja ambaye baba yake ana Fuso mbili alikuwa anauliza kama ni dhambi kuandika "mkulima". Tulicheka sana, lakini kila mtu pale alikuwa anafanya kazi ile ile: kutafuta upande wa maisha yake unaouma na kuuweka mbele.

Ndiyo maana mwaka wa pili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mwalimu wetu wa fasihi alipotupa kitabu cha kumbukumbu za utoto mgumu na kutaka kila mmoja aandike alivyokipokea, wengi tuliona kazi nyepesi. Huruma tunaijua. Kitabu chenyewe ni The Glass Castle cha Jeannette Walls, mwandishi wa habari wa Marekani. Kilitoka mwaka 2005, na mwaka 2017 kikatengenezewa filamu. Nilikisoma Mabibo hosteli kwa kupokezana na mwenzangu wa chumba, yeye usiku, mimi mchana, na tukikutana mlangoni tunaulizana, "Umefika wapi? Baba yao karudi?"

Baba yao anaitwa Rex. Ana akili nyingi, anajua fizikia na umeme, hadithi anaijua kuisimulia, na anakunywa. Mama, Rose Mary, amesomea ualimu lakini anataka kuchora picha, na mtoto akimwambia ana njaa anaona anasumbuliwa. Watoto ni wanne: Lori, Jeannette, Brian na Maureen. Familia inahama mji hadi mji katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa kukimbia madeni, hadi wanaangukia Welch, mji wa makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, alikokulia baba.

Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Jeannette ni moto. Ana miaka mitatu, amesimama juu ya kiti anachemsha soseji, gauni linawaka. Analazwa kama wiki sita, anapandikizwa ngozi, na hospitali anaipenda kwa sababu chakula kipo kila siku. Kisha baba anakuja, anambeba, anatoka naye mbio bila kulipa bili. Haupiti muda mtoto yuko jikoni tena na soseji zake, na mama anamsifu kwa kutoliogopa jiko. Mwandishi hatii neno. Hasemi alitelekezwa, hasemi alionewa. Anasema kilichotokea, anasonga mbele. Huruma yangu ile ya fomu ya mkopo ilikosa pa kushika.

Halafu kuna Krismasi. Baba hana hela ya zawadi, kwa hiyo anawatoa watoto jangwani usiku, mmoja mmoja, kila mtu achague nyota iwe yake. Jeannette anachagua Zuhura. Zuhura ni sayari, baba anajua na anamweleza, lakini anasema potelea mbali, Krismasi ni Krismasi, kama binti anataka sayari apewe sayari. Watoto wa wenzao, anasema, watabaki na midoli ya plastiki itakayovunjika. Nimesoma kurasa hizo mara nyingi nikitafuta ujanja wa mwandishi na sijaupata. Ni baba mwenye mifuko mitupu na mtoto aliyerudi nyumbani tajiri.

Sehemu iliyotugombanisha darasani ni ya chokoleti. Wako Welch, ndani hamna kitu, watoto wameanza kuokota mabaki kwenye mapipa ya shule. Siku moja mama amelala kwenye kochi, anajifunika blanketi, anajifunua, anajifunika tena, na taya zinatembea. Brian anavuta blanketi. Mama ameficha mche mkubwa wa chokoleti, nusu ameshaula. Anaanza kulia. Anajitetea kwamba yeye na sukari ni kama baba yao na pombe, na kama baba wanamsamehe basi na yeye wamsamehe. Hakuna anayemjibu. Brian anachukua kilichobaki na kukigawa vipande vinne, na wanakula mbele yake.

Darasa liliwaka. Kaka mmoja kutoka Songea alisema mama wa namna hiyo kwao hakuna, na dada mmoja akamwambia kwenu wapo ila hawajaandikiwa kitabu. Mwingine alisema huu ni umaskini wa kujitakia. Hoja hiyo ilishika moto zaidi kwa sababu ina ushahidi. Mama alikuwa na ardhi ya urithi Texas yenye thamani ya karibu dola milioni moja, jambo ambalo Jeannette alilijua akiwa mtu mzima. Watoto waliokota pete ya almasi porini, wakampelekea mama wakitegemea itauzwa wanunue chakula, na mama akaivaa. Hata mahali penyewe panazidisha hasira: Welch ndiko mpango wa majaribio wa stempu za chakula, yaani vocha za kununulia chakula, za serikali ya Marekani ulikoanzia, Mei 1961. Msaada ulikuwa umezaliwa pale pale mjini kwao, na wazazi hawakuutaka. Hapa kwetu, tangu TASAF ianze mpango wa kunusuru kaya maskini mwaka 2012, watu wamegombana na viongozi wa mtaa kwa sababu majina yao yamerukwa. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kuna mama alikataa.

Lakini hoja ya kujitakia mimi sikuipenda, na bado siipendi. Mzazi ndiye aliyechagua. Mtoto hakuchagua kitu. Njaa ya Brian haijui kama Texas kuna shamba. Na nikiwa mkweli, ukipita Keko, Tandale au Vingunguti usiku ukauliza nyumba hadi nyumba kwa nini leo hamjala, majibu hayatakuwa na mstari mmoja ulionyooka kati ya waliokosa na waliochezea. Kuna mwenye nyumba aliyepandisha kodi. Kuna ugonjwa. Na kuna mshahara uliopita kwanza baa.

Kilichonigusa kama mtu wa uswahilini ni upweke wa njaa ile. Nyumba yao ya Welch iko juu kilimani, inavuja, imejitenga, na ndani wanaweza kukaa bila chakula siku kadhaa bila mtu kujua. Mimi nimekulia Keko Machungwa, nyumba ya kupanga, vyumba sita kwenye korido moja, choo kimoja, uani pamoja. Majiko yote ya mkaa yanawashwa uani. Jiko lako lisipowaka saa kumi na mbili jioni, nyumba nzima imeshajua, na kabla ya saa mbili mtoto wa chumba cha mbele anakuja na bakuli la kunde limefunikwa sahani. "Mama kasema muonje." Hakuna aliyetamka njaa. Kesho yake bakuli linarudi, na halirudi tupu. Mama yangu alikuwa anatia ndimu mbili, au chumvi kwenye karatasi, chochote kile.

Ila kuonwa nako kuna bei yake. Siku nyingine mama alikuwa anawasha jiko hivyo hivyo, anabandika sufuria la maji, anafunika, anakaa pembeni yake na kipepeo anachochea kama kuna maharage. Maji yakichemka tunaoga. Kwa hiyo nikisoma Jeannette anavyojifungia vyooni wakati wenzake wanakula, nasema hapa hakuna tofauti ya Welch na Keko. Aibu ya njaa ni mtoto anayeibeba, na anaibeba kwa niaba ya wakubwa.

Kuna siku afisa wa ustawi wa watoto anakuja mlangoni kwao. Jeannette ndiye anayempokea, na anamfukuza. Wazazi hawapo, kila kitu kipo sawa, baba anafanya kazi. Anatetea nyumba yenye paa linalovuja kwa sababu anajua wakichukuliwa watatawanywa. Tanzania tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na tuna namba 116 ya kuwasaidia watoto, ya kupiga bure. Vyote viwili ni vizuri na ningependa kila darasa la nne wavijue. Lakini ukurasa ule unaonyesha kwa nini simu haipigwi. Mtoto haogopi tu wazazi wake. Anaogopa kuwa ndiye aliyeivunja nyumba.

Sasa nifike kwenye jina la kitabu. Kasri la kioo ni nyumba ambayo Rex ameahidi kuijenga: kuta za kioo, dari la kioo, umeme wa jua. Ramani anazo, amechora kila kitu kwa vipimo, na anatembea nazo kila wanakohamia. Walipofika Welch, Jeannette na Brian waliamua wamsaidie. Walichukua sepetu wakachimba shimo la msingi nyuma ya nyumba, kazi ya watoto, kwa karibu mwezi mzima. Baba aliwasifu. Kisha, kwa kuwa hawakuwa na hela ya kulipia uzoaji wa taka, akawaambia takataka watupe mle shimoni kwa muda. Shimo likajaa.

Mwenzangu wa chumba alipofika hapo alicheka. Mimi sikucheka.

Baba yangu ni seremala wa Keko. Anatengeneza vitanda na makochi, na mkono wake ni mzuri. Kuna nyumba za Masaki watu wanalalia kazi yake bila kujua jina lake. Nilipokuwa darasa la tatu alinunua kiwanja Chanika, enzi hizo upande ule mikorosho bado ni mingi kuliko nyumba. Jumapili moja tulipanda daladala hadi Gongo la Mboto, tukaunganisha, tukashuka, tukatembea. Baba alikuwa na kamba ya katani, vigingi alivyochonga mwenyewe kwa mabaki ya mninga, na ramani aliyoichora kwenye karatasi ya daftari langu la hisabati. Akapigilia vigingi, akafunga kamba chumba kwa chumba, akatuamuru tuingie kwa mlango. Nilitaka kuruka kamba, akanirudisha: nyumba ya watu hairukwi. Mama aliingia kwa mlango, akaonyeshwa jiko, akauliza moshi utatokea wapi. Baba akafikiri, akang'oa kigingi kimoja, akakisogeza hatua moja. Chumba changu kilikuwa na dirisha linaloelekea kwenye mkorosho. Nilikaa chini ndani yake nikala muhogo wa kuchoma mpaka jua likashuka.

Mwaka uliofuata alifyatua matofali pale pale kiwanjani na kuchimba msingi. Halafu ikaja mikeka. Mwanzoni alikuwa anabeti mia tano tano, siku moja akashinda hela ya maana, akanunua nyama na redio, na kuanzia hapo kila mkeka uliochanika ulikuwa umekosa timu moja tu. Matofali yakaanza kupungua. Jirani wa Chanika alikuwa anamalizia choo, akauziwa hamsini. Akajenga ukuta, akauziwa mengine. Masika zikaporomosha kingo za msingi, majani yakaota. Lakini baba hakuwahi kuacha kuzungumzia nyumba. Kila matofali yalivyopungua ramani iliongezeka: sebule zikawa mbili, kikaja chumba cha wageni, mwisho ikawa ghorofa.

Darasani swali lilikuwa: Rex ni mwongo? Wengi walinyoosha mikono kusema ndiyo. Mimi nilisema siku ile ya ramani hakuwa anadanganya, na nilisema hivyo nikiwa namjua mtu aliyesogeza kigingi ili mkewe asivute moshi. Ahadi ilikuwa ya kweli siku ilipotolewa. Tatizo ni kazi iliyokuja kupewa baadaye. Mtu akishaona ahadi yake inapokelewa kwa furaha, anajifunza kwamba inaweza kulipia mambo mengine: deni la kodi, usiku wa pombe, ada. Watoto wa Walls walijidunduliza kwenye kibubu chenye umbo la nguruwe ili Lori aende New York. Wakakikuta kimepasuliwa, kitupu. Lori anamkabili baba, na baba anajifanya hajui anaulizwa nini. Baba anayempa mtoto Zuhura na baba anayepasua kibubu ni mtu mmoja, na mwandishi anakataa kumkata vipande viwili ili sisi wasomaji tupumue.

Jeannette mwenyewe anamwambia siku moja, kabla hajaondoka kumfuata dada yake New York, kwamba kasri halitajengwa kamwe. Baba alikuwa ametandaza ramani mezani akijaribu kumzuia asiende. Kilichonishangaza ni kinachofuata: siku ya safari baba anambebea begi hadi kituo cha basi na kumpa kisu chake cha mfukoni. Miaka baadaye, binti akiwa chuoni amepungukiwa karibu dola elfu moja za ada, baba huyo huyo anakuja na dola 950 na koti la manyoya, vyote amevishinda kwenye karata. Binti anapokea. Kuna waliosema asingepokea. Sijui wao walisomeshwa na hela gani.

Hapa ndipo mtu wa kwetu anapouliza swali ambalo mhakiki wa Marekani halimkeri sana: alipata wapi ruhusa ya kuyasema haya? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haitangazi. Kitabu chenyewe kinaanza na swali hilo. Jeannette yuko kwenye teksi New York, amevaa vizuri, anakwenda kwenye sherehe, anamwona mama yake anachakura pipa la taka. Anajiinamisha kwenye kiti asionekane, anamwambia dereva amrudishe nyumbani, Park Avenue, mtaa wa matajiri. Baadaye anamkaribisha mama mgahawani na kumuuliza, watu wakiniuliza kuhusu wazazi wangu niwaambie nini? Mama anamwambia aseme ukweli tu. Baba alifariki mwaka 1994, kitabu kilikuwa bado.

Mimi nilimpigia mama nikamwambia kwenye kazi ya chuo nitamtaja baba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Andika, mwanangu. Ila usimwandike mlevi, maana hanywi. Na ukiandika matofali, andika na sanduku." Sanduku ni lile alilonitengenezea nilipochaguliwa kwenda bweni kidato cha tano. Mninga mtupu, pembe zimeunganishwa meno kwa meno bila msumari hata mmoja, na ndani ya kifuniko amechonga droo nyembamba ya kuweka barua na hela. Matroni alinihoji nimenunua wapi. Kwa hiyo nimeliandika, na nashukuru niliambiwa, kwa sababu katika rasimu yangu ya kwanza baba alikuwa na matofali tu.

Masimulizi ya shida tunayo, lakini mara nyingi tunayapokea kutoka kwa mtu mwingine na tukiwa tumeshajua mwisho wake mzuri. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, yule binti wa Fumba aliyefinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuwa sauti ya Unguja yote, alikuwa anaandika juu ya mtu ambaye nchi ilishamkubali. Umaskini wa utotoni unakuwa ngazi. Siku hizi wahamasishaji wameichukua ngazi hiyo wakaiuza kwa kiingilio: nililala njaa, leo natembelea gari. Na The Glass Castle inaweza kusomwa hivyo, kutoka jalalani hadi Park Avenue, na wenzangu kadhaa waliisoma hivyo wakapata alama nzuri. Mmoja aliandika kwamba shida ndiyo iliyomkomaza Jeannette, kwa hiyo wazazi walimsaidia bila kujua.

Ningemuuliza: na Maureen?

Maureen ndiye kitinda mimba, na ndiye anayepita kitabuni haraka kuliko wote. Welch alikuwa anakula kwa majirani, analala kwa marafiki, anasali na familia za wenzake. Dada zake wakamchukua New York akiwa bado mtoto. Haikusaidia. Akarudi kukaa na wazazi, na siku moja akamchoma mama yake kisu, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kama mwaka mzima, kisha akapanda basi kwenda California. Kurasa chache tu, basi. Kama shida inakomaza, watoto wanne walikula shida ile ile. Kwa nini watatu walisimama na mmoja akaanguka?

Hoja ya karatasi yangu ilikuwa hii, na mwalimu hakukubaliana nayo yote, lakini nasimama nayo. Turudi kwenye usiku wa nyota. Waliochagua nyota ni Lori, Brian na Jeannette. Maureen hayumo. Wakati anapata akili ya kumfahamu baba, baba wa jangwani alikuwa amekwisha, amebaki wa Welch. Wakubwa walirithi kitu cha kukaa nacho wakati kibubu kinapasuliwa. Msamaha wa Jeannette unaosifiwa kila mahali una akiba nyuma yake, na akiba hiyo ni Zuhura. Maureen alipewa bili bila kula. Mwalimu aliandika pembeni kwamba namsamehe Rex kwa mlango wa nyuma. Mimi naona namwongezea deni: anadaiwa na mtoto wa nne kile alichowapa watatu.

Najua ninachosema kwa sababu nina mdogo wangu, yuko kidato cha pili. Alizaliwa msingi umeshachimbwa. Baba wa kamba na vigingi hakumkuta. Aliyemkuta ni mzee anayesogeza uso karibu na simu Jumamosi jioni akihesabu dakika za nyongeza. Mimi nikisema "baba anapenda sana watu", mdogo wangu ananiangalia anashangaa. Tumelelewa chumba kimoja, na kila mtu ana baba yake.

Likizo nilimsomea sehemu ya Zuhura, nikiigeuza Kiswahili papo kwa papo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyo mzee mjanja, kampa mtoto kitu kisichobebeka. Kisha akauliza, "Dada, kile kiwanja cha Chanika karatasi zake ziko wapi? Isije ikawa nazo zimeshaingia kwenye mkeka." Nikampigia mama. Akasema karatasi ya mauziano iko ndani ya lile sanduku la mninga, kwenye droo ya kifuniko, na funguo anayo yeye. Ila amesikia jirani aliyenunua matofali amepanda mihogo mpaka katikati ya msingi wetu. Mdogo wangu anataka Jumamosi twende naye kwa mwenyekiti wa mtaa wa kule, tubebe na futi kamba, kabla mihogo haijakomaa, maana ikishakomaa hiyo itakuwa kesi ya mazao.